Punda anayekataa kugeuka: tiba ya mikono inaweza nini, na haiwezi nini

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Nzega, mkoani Tabora. Nina punda wawili wa mkokoteni, wanabeba maji na mpunga. Yule jike, ana kama miaka tisa, tangu mavuno anakataa kugeuka kushoto. Nikimpapasa karibu na kiuno anabonyeza mgongo chini na kupiga mkia. Siku zote namfunga upande wa kulia, na nira ninayotumia ni ile ya maksai. Nimesikia ng'ambo kuna watu wanaotibu farasi na mbwa kwa mikono tu, wanaiita osteopathia. Je, punda naye inamfaa? Naweza kuifanya mwenyewe? Na mbwa wangu wa ulinzi anainuka kwa shida asubuhi, naye nimfanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Inamfaa, na sehemu yake kubwa unaweza kuifanya mwenyewe. Lakini kwa punda wako mikono ianze na kazi ya kutafuta maumivu yalipo, kisha nira ibadilishwe, ndipo kuchua kufuate. Ukimchua leo na kesho ukamrudishia nira ile ile, utakuwa unachota maji kwa pakacha.

Osteopathia ilianza kama tiba ya watu. Tabibu wa Marekani, Andrew Taylor Still, aliitangaza mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo chake Kirksville, jimbo la Missouri. Kwa farasi iliendelezwa sana Ufaransa, na daktari wa mifugo Dominique Giniaux ni mmoja wa waliotangulia. Msingi wake ni kwamba mwili hufanya kazi kwa pamoja: kiungo kimoja kikikaza, vingine hubeba kazi yake hadi navyo viumie. Hilo ni kweli, na kila mwenye mnyama wa kazi amewahi kuliona.

Nisilolikubali ni maneno ya kwamba "pingili imetoka mahali pake, nitairudisha". Punda ana pingili 7 za shingo, 18 za mgongo zinazoshika mbavu, kwa kawaida 5 za kiuno, na 5 za nyonga zilizoungana. Zote zimefungwa kwa kano nene na kufunikwa na misuli minene. Pingili ya mnyama huyo ikitoka kweli, hatasimama. Kidole gumba hakiirudishi, wala goti, wala nyundo ya mbao. Kinachobadilika chini ya mkono ni misuli iliyokaza, ngozi iliyogandamana na nyama ya chini yake, na jinsi mishipa ya fahamu inavyopokea maumivu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Kevin Haussler akiwa mmoja wao, waliwapima farasi wasio na ugonjwa wa mgongo wakaona kuwa baada ya kuchuliwa au kunyooshwa mgongo walistahimili kubonyezwa kuliko mwanzo. Ni dalili nzuri, ila haithibitishi kuwa mikono hutibu kila kitu. Na tawi lile linalodai kusogeza mifupa ya fuvu kwa kugusa kichwa, usilipie hata shilingi.

Sasa tuje kwa punda wako. Kabla hujaweka mkono, mpime joto kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. Punda mzima aliyepumzika huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28. Wengi humpima punda kwa vipimo vya ng'ombe, ambaye joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na kitu, hivyo punda mwenye homa wakamwona mzima.

Zipo hali ambazo hupaswi kumchua kabisa. Ukiona shingo na miguu vimekakamaa, mkia umeinuka, na utando wa kona ya ndani ya jicho unafunika jicho, hasa akishtuliwa, hiyo ni pepopunda: mweke mahali penye giza na utulivu, mwite daktari. Akiwa amepumzishwa siku mbili tatu akila pumba au mahindi, kisha akarudishwa kazini na misuli ya makalio ikawa migumu kama mbao na mkojo rangi ya kahawa, misuli inavunjika ndani. Usimtembeze, usimkande, mpe maji na uite daktari. Na akiyumba nyuma, akiburuta kwato za nyuma au kukonda huku anakula, usikimbilie kusema ni mgongo. Mkoa wa Tabora una mapori ya mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, kwa punda inaweza kuingia kwenye mishipa ya fahamu na kulegeza miguu ya nyuma. Hapo inatakiwa damu ipimwe. Afisa mifugo wa kata anaweza kuchukua sampuli, na Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo Tabora mjini.

Ikiwa hayo yote hayapo, jaribio la kwanza ni rahisi. Mfungue kwenye mkokoteni, mshike kwa kamba ya kichwani iliyolegea, mzungushe kushoto duara dogo, kisha kulia. Fanya hivyo kwenye ardhi ngumu, halafu kwenye mchanga laini. Akigeuka vizuri bila mkokoteni, kosa liko kwenye vifaa vya kuvutia. Akikataa kwenye ardhi ngumu lakini mchangani akageuka, tatizo ni kwato. Akikataa kote kote, ndipo bega, shingo au mgongo vishukiwe. Halafu apelekwe mbio za polepole kwenye mstari ulionyooka na mtu mwingine, wewe ukitazama. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa hupanda ule mguu unapokanyaga, hushuka unapokanyaga mguu mzima. Wa nyuma ukiuma, nyonga ya upande huo hupanda zaidi ya nyingine. Mnyama aliyesimama kupumzisha mguu wa nyuma kwa zamu ni kawaida yake. Anayeutanguliza mguu mmoja wa mbele ana maumivu.

Punda huficha maumivu kuliko farasi. Ng'ombe atalala, farasi atahangaika, punda atasimama kimya akila kidogo kidogo. Kwa hiyo kukataa kugeuka kwake kusichukuliwe kuwa ukaidi, na kiboko hakitamponya.

Kwato ziangalie zote nne hata kama jaribio limekuonyesha mahali pengine. Ondoa uchafu kwa kijiti cha chuma butu kutoka kisigino kwenda mbele. Ukisikia harufu ya kuoza na kuona uji mweusi kandokando ya ile nyama yenye umbo la V, huo ni uozo wa kwato: osha, kausha, mhamishie mahali pakavu. Gusa ukuta wa kila ukwato kwa mgongo wa mkono, ulinganishe joto. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, kila upande. Mapigo yakidunda kwa nguvu kwenye mguu mmoja, huenda kuna usaha ndani. Yakidunda kwenye miguu yote ya mbele na mnyama anaegemea nyuma, tishu zinazoshikilia ukwato zimevimba, na dalili yake kubwa ni hiyo hiyo ya kukataa kugeuka. Huyo anahitaji daktari, kusimama kwenye mchanga mwingi, na kuachishwa nafaka mara moja. Asiachishwe chakula chote, kwa sababu punda asipokula siku chache mafuta hufurika kwenye damu na anaweza kufa kwa hilo. Usaha wa ukwato mmoja huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, mpaka daktari autoboe. Na kwato zipunguzwe kila wiki 6 hadi 10; kidole cha ukwato kikirefuka, kila hatua huvuta kano za nyuma ya mguu hadi begani.

Sasa nira. Hapa ndipo ninapoona shida ya punda wako ilipo. Maksai wetu wana nundu. Nira hukaa mbele ya nundu na ng'ombe husukuma kwa nguvu za shingo na mabega, kichwa kikiwa chini. Punda hana nundu. Nguvu zake za kuvuta ziko kifuani na kwenye ncha za mabega. Ukimwekea nira ya ng'ombe, mti unakandamiza shingo juu, mahali penye ngozi nyembamba na mifupa iliyo karibu, na yeye hujilinda kwa kuinua kichwa na kubonyeza mgongo. Misuli mirefu inayopita kando ya uti wa mgongo hukaza siku nzima, na jioni ukigusa kiuno anabonyea. Watu husema figo zinamuuma. Mara nyingi ni misuli hiyo.

Ongeza hapo kwamba anafungwa kulia kila siku. Mkokoteni wa mti mmoja wa katikati ukigeuka kushoto, punda wa kulia ndiye wa nje: anatembea njia ndefu zaidi na anausukuma mti kwa ubavu wa shingo yake. Miezi mingi ya hivyo, upande mmoja wa mwili hukua na kukaza kuliko mwingine. Wabadilishe pande kila wiki. Watagoma siku mbili tatu za mwanzo kwa sababu wamezoea. Nenda nao bila mzigo.

Badala ya nira, tengeneza mkanda wa kifua. Upana uwe sentimita 8 hadi 10, wa turubai nene au mkanda wa pamba uliokunjwa mara kadhaa, ndani ukishonewa blanketi kuukuu. Mpira wa tyubu ya baiskeli au lori usiugusishe ngozi: haupitishi jasho na unachubua. Kamba ya manila ni mbaya zaidi. Mkanda upite juu kidogo ya ncha ya bega na chini ya koo la hewa. Ukikaa juu anakabwa, ukishuka unazuia mguu kwenda mbele. Pitisha kiganja kati ya mkanda na kifua akiwa amesimama, kisipopita, legeza. Tandiko la mgongoni liwe na mito miwili, mmoja kila upande wa uti, na katikati yake nafasi ya vidole vitatu au vinne isiyogusa mfupa kabisa. Mito hiyo ikibonyezwa na mzigo ibaki na unene wa angalau sentimita 2.

Usisahau mkanda wa makalio. Bila huo, mkokoteni ukishuka mteremko unamsukuma mnyama kwa nyuma, na anauzuia kwa shingo na kiuno. Mkanda ukizunguka makalio, chini ya mkia lakini juu ya magoti ya nyuma, anausimamisha kwa uzito wa mwili wake.

Mpangilio wa mzigo nao unaumiza bila mtu kutambua. Mkokoteni wa magurudumu mawili upakie, kisha inua miti yake ya mbele kwa mkono kabla ya kufunga punda. Ikiwa nzito sana, magunia yamekaa mbele na uzito wote utaangukia mgongo. Ikiinuka yenyewe juu, umejaza nyuma na mkanda wa tumbo utamvuta. Unataka uzito kidogo tu mbele, usiozidi kilo kumi hivi. Na siku anapobeba mgongoni bila mkokoteni, kumbuka punda wengi wa kwetu hawafiki kilo 150, na mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Madumu mawili yanatosha. Manne, kama wengi wanavyobebesha kisimani, ni zaidi ya nusu ya mwili wake.

Vifaa vikiwa sawa, mikono sasa ina kazi yenye faida. Mwenzake asimame karibu. Punda waliozoeana wakitenganishwa hukosa raha hata kuacha kula. Anza juu ya mabega, mbele ya mgongo, mahali wanapokunana wao kwa wao. Utafiti wa farasi uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa kuwakuna mahali hapo hushusha mapigo ya moyo. Mkune dakika mbili tatu mpaka kichwa kishuke na mdomo ulegee.

Kisha mpapase kwa mpangilio usiobadilika: kisogo, kando za shingo, mbele ya bega, nyuma ya bega, halafu msuli mrefu wa mgongo, vidole viwili kutoka kwenye mfupa wa katikati, hadi kiunoni, makalio na nyuma ya paja. Mara ya kwanza tumia uzito ambao ungeuweka kwenye kope la jicho lako. Mara ya pili bonyeza hadi kucha yako ipauke, usizidishe. Linganisha kila mahali kulia na kushoto. Ngozi kucheza mara moja si kitu, hata nzi huifanya icheze. Angalia anapoacha kupumua, masikio yakienda nyuma, mkia ukibana, au msuli ukigeuka mgumu chini ya kidole na kubaki hivyo. Hapo pachore kwa chaki, ili wiki ijayo ujue kama pamepungua. Mafuta ya juu ya shingo ya punda yanaweza kuwa magumu bila maumivu. Usiyachanganye na misuli.

Mahali penye ugumu wa siku nyingi, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15. Ujaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Penye jeraha jipya au joto, tumia maji baridi kwa siku mbili za kwanza, usikande. Baadaye chua kwa kiganja kizima, kwa duara za polepole, ukifuata manyoya yalivyolala, dakika 5 kila upande. Ukifika mahali pagumu simamisha kiganja, tegemeza uzito wako kidogo, subiri. Msuli ukilegea utausikia. Ataramba midomo, atapiga miayo au atashusha pumzi ndefu. Asipolegea ndani ya nusu dakika, ondoka, utarudi kesho. Anayelazimisha hapo ndiye anayepigwa teke.

Mazoezi ninayoyapendekeza zaidi ni ya kumwelekeza kwa chakula, kwa sababu anajinyoosha mwenyewe kwa kiasi anachoweza. Shika kipande cha kiazi kitamu au muwa. Akiwa ameegemea ukuta ili asizunguke, peleka chakula taratibu hadi kidevu kifike kwenye bega, kisha ubavuni, kisha katikati ya magoti ya mbele. Kila mahali mshikilie sekunde 5 kabla ya kumpa. Mara 5 kila upande, siku 5 kwa wiki. Mwaka 2011 Narelle Stubbs, Hilary Clayton na wenzao walifanya mazoezi ya aina hii kwa farasi 8 kwa miezi 3, na vipimo vilionyesha kuwa misuli midogo inayoshikilia pingili iliongezeka unene. Kwa punda wako, upande wa kushoto utakuwa mfupi mwanzoni. Usimvute kichwa, acha chakula kimvute.

Zoezi la pili ni la kuinua mgongo. Simama kando ya bega ukiwa umetazama nyuma, weka ncha za vidole chini ya kidari, bonyeza juu taratibu mpaka uone mgongo unapanda. Shikilia sekunde 5, rudia mara 3. Na bega: miguu ya mbele ya punda haina mfupa unaoiunganisha na kiwiliwili, imeshikiliwa na misuli pekee. Ndiyo maana mkanda mbaya huiumiza haraka, na ndiyo maana kuilegeza humsaidia. Inua mguu kama unayesafisha ukwato, tegemeza goti kwa mkono mmoja, uuchezeshe kwa duara ndogo mara 10, kisha upeleke mbele kidogo na uushikilie sekunde 15. Usiuvute kwenda pembeni.

Mambo ya kupasua mgongo kwa kishindo, kusimama juu yake, kumchoma bega kwa chuma cha moto, kumpaka oili chafu au dizeli, yaachwe kabisa. Hayo ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayakataza. Kunyoosha viungo kwa nguvu na kutoa dawa ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa.

Mpumzishe mkokoteni wiki 2, lakini usimfunge kwenye nguzo. Mtembeze dakika 15 asubuhi na jioni. Wiki ya tatu mkokoteni mtupu, ya nne nusu mzigo, ya tano mzigo wake wa kawaida. Akianza tena kubonyea kiuno, rudi wiki moja nyuma. Wiki 3 zikipita bila nafuu yoyote mtafute daktari, kwa sababu huenda tatizo ni mfupa au kiungo.

Kuhusu mbwa, njia ni ile ile ila uzito wa mkono ni nusu yake. Kabla ya yote awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na mfunge mdomo kwa kitambaa unapogusa panapouma, hata kama anakupenda. Kagua kupe masikioni na kati ya vidole, kwani homa zinazoletwa na kupe hukaza viungo vya mbwa hata ukadhani ni uzee. Kisha msimamishe, ugeuze unyayo wa nyuma mmoja ili mgongo wa vidole uguse chini. Mbwa mzima anaurudisha papo hapo. Asipourudisha, huenda mishipa ya uti imebanwa. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo na usimchue. Akiurudisha vizuri, mlaze ubavu kwenye gunia nene, kitambaa cha uvuguvugu nyongani dakika 10, chua paja kwa kiganja, kisha shika mguu juu ya goti, kamwe si kwenye unyayo, uupeleke mbele na nyuma mara 10. Mfungue mnyororo mchana atembee, na mkanda wa shingoni upitishe vidole viwili. Akiendelea kuumia usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa za watu. Zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na kidonge kimoja chaweza kutosha; dawa za maumivu za mbwa zipo, daktari wa mifugo atakupimia kwa kilo zake.